Vizibo, kamba au mistatili? Mchoro upi umfae mtoto anayekwama kwenye mafumbo ya hesabu

Fumbo lilikuwa fupi: Asha na Juma wana jumla ya machungwa 52. Asha amemzidi Juma machungwa 8. Kila mmoja ana machungwa mangapi? Niliwaandikia darasa la tano ubaoni, nikaanza kupita kati ya madawati. Daftari la kwanza: Asha 34, Juma 18. La pili vilevile. Dirishani, nyuma, mstari wa mbele, 34 na 18. Sikudhani wameangaliziana, maana waliokaa mbalimbali walikuwa na hatua zilezile: 52 gawanya kwa 2 ni 26, Asha amezidi, muongeze 8, Juma amezidiwa, mpunguze 8. Tena ukijumlisha 34 na 18 unapata 52, kwa hiyo hata aliyehakiki kazi yake aliridhika. Mpaka utoe 18 kwenye 34 ndipo unaona wamepishana kwa 16.

Kugawanya wanajua. Kutoa wanajua. Wasichokiona ni kwamba ukimnyang'anya Juma chungwa moja ukampa Asha, pengo linakua kwa machungwa mawili. Jambo hilo nimewahi kulieleza kwa mdomo mpaka koo likakauka, na watoto wakaitikia "ndiyo mwalimu" huku macho yako mbali. Linataka kuonekana. Kwa hiyo kazi ya mwalimu au mzazi ni kuchagua lionekane kwa kitu gani.

Na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mzazi ananisimamisha getini: "Mwalimu, mwanangu ukimpa hamsini na mbili kutoa nane anapata. Ukimwandikia kwa maneno, hapati hata moja. Nimnunulie nini?" Mwalimu mwenzangu naye ameambiwa kwenye mafunzo atumie vihesabio, mwaka uliofuata akaambiwa mstari wa namba, halafu kwenye simu ameona mistatili ya Singapore na anataka kujua kama aache vyote ashike hiyo. Nimevitumia vyote, shuleni kwenye darasa la watoto zaidi ya 70, na jioni barazani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kwa watoto wanne watano wa jirani. Havifanyi kazi moja, na vingine nadhani vinasifiwa kupita kiasi.

Maneno ya kuvizia

Nianze na mshindani ambaye hachori chochote, maana ndiye anayetawala madarasani. "Ukiona jumla, jumlisha. Ukiona baki, toa. Ukiona kila, zidisha." Mtoto anafundishwa kuvizia neno kama paka anavyovizia panya, akiliona analirukia.

Darasa la pili njia hii inaleta alama nzuri sana, ndiyo maana haifi. Mafumbo ya darasa la pili mengi yameandikwa kwa namna ambayo neno na tendo vinakwenda pamoja. Shida inaanza darasa la tatu na la nne. Mpe hili: Mama aliuza maandazi 28, akabakiwa na 17. Asubuhi alikuwa na maandazi mangapi? Mviziaji ameona "akabakiwa", anatoa, anapata 11. Mama ameuza maandazi 28 kutoka kwenye 11.

Kiswahili chenyewe kinamtega zaidi. Angalia "Asha amemzidi Juma machungwa 8" na "Asha amezidiwa na Juma machungwa 8". Kisilabi kimoja, hiyo -wa ya mwisho, kimegeuza kisa chote. Mwenye mengi sasa ni Juma. Mtoto anayekimbilia shina la neno anaokota "zidi" na kuondoka nalo, mkia wa neno ameuacha nyuma. Ndiyo sababu "Asha ana machungwa 24, amemzidi Juma 8, Juma ana mangapi?" linaleta 32 badala ya 16. Na kuna "mara tatu ya" dhidi ya "mara tatu zaidi ya", ambalo hata walimu tukikaa ofisini hatukubaliani lina maana gani. Mimi nimeshaacha kuliandika hilo la pili. Naandika "mara tatu ya", basi.

(Pengine jina lenyewe, fumbo, linachangia. Mtoto amezoea kusikia "fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua", akikaa kwenye hesabu anadhani kuna mtego umefichwa na kazi yake ni kuotea. Barazani siku hizi nayaita visa.)

Sisemi maneno yasifundishwe. Mtoto lazima ajue "tofauti" ni nini na "jumla" ni nini. Ila maneno ya kuvizia hayachaguliwi badala ya mchoro. Ukiwa nayo peke yake unamlea mtoto atakayefaulu mpaka darasa la tatu tu.

Vizibo, kokwa na komwe

Vihesabio havina gharama. Vizibo vya soda unaviomba dukani, kokwa za ubuyu zimejaa Tanga nzima, komwe za bao zipo kwenye kila baraza la wazee, ukirudisha zote. Tahadhari moja ya vizibo: vigonge kingo kwa nyundo kwanza, vinakata vidole.

Mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner alieleza katika miaka ya 1960 kwamba jambo jipya linamwingia mtu kwa njia tatu: kwa kutenda, kwa picha, na kwa alama. Mafunzo mengi tunayopewa yamejengwa juu ya hapo, na watu wengi wameshika kwamba kutenda ni kwa watoto wadogo tu, darasa la kwanza na la pili, wale wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mimi nimeona tofauti. Vizibo vimenifaa zaidi darasa la tano kuliko la pili, kwa sharti kwamba namba ziwe ndogo.

Rudi kwa Asha na Juma. Usimpe mtoto vizibo 52. Mpe 10, mwambie: mgawane wawili, lakini mmoja amzidi mwenzake 2. Watoto wa baraza langu waligawana 5 kwa 5, kisha mmoja akachukua 2 za mwenzake. Wakahesabu: 7 na 3. Wakatazamana. "Mbona nne?" Hapo sikusema kitu. Wakarudisha, wakajaribu kuchukua 1: 6 na 4. Imekubali! Wa tatu, aliyekuwa ananyamaza, akafanya vingine kabisa. Aliweka 2 pembeni kwanza, akagawa 8 zilizobaki nne kwa nne, kisha akampa mmoja zile 2. Hii ndiyo njia yenyewe, na ameigundua kwa mikono. Mchoro wowote utakaokuja baadaye utakuwa unaandika tu alichokwisha kukifanya.

Sasa udhaifu. Darasani, watoto 70 wenye vizibo ni mvua ya mawe juu ya bati. Mwalimu wa darasa la jirani atakuja. Namba zikivuka 30 mtoto anaanza kuhesabu kimoja kimoja na kisa anakisahau njiani. Sehemu, theluthi ya kilo 60, haziendi. Na kubwa kuliko yote, haviachi alama kwenye daftari. Kwenye Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne hakuna msimamizi atakayemruhusu mtoto aingie na mfuko wa vizibo. Kwa hiyo nasema: vizibo ni vya kugundulia. Vikishafanya kazi hiyo viwekwe.

Picha kamili

Hili nalimaliza haraka. Niliwahi kuwaambia darasa la tatu "choreni kisa" cha abiria wa daladala, wangapi wameshuka, wangapi wamepanda. Kipindi cha dakika 40 kiliisha nina daladala nzuri sana zenye taa, konda ananing'inia mlangoni, moja imeandikwa jina la timu ya Coastal Union ubavuni. Abiria hakuna. Mtoto anayependa kuchora atachora, na hesabu itamngoja nje. Picha ina nafasi yake kwa mtoto ambaye hajaelewa kisa kabisa, ili umuulize "huyu ni nani, anafanya nini". Baada ya hapo chungwa liwe duara, abiria awe kijiti.

Kamba ya mkonge

Mstari wa namba kila mwalimu anaujua, na kila kitabu cha Hisabati kinao. Lakini wengi wanauchora umeshajaa namba, 0 hadi 20, na mtoto anahesabu vidole juu yake kama anavyohesabu vizibo. Waholanzi waliuvua namba: mstari mtupu, mtoto mwenyewe anaweka namba anazozihitaji na kuruka hatua kubwa kubwa. Huo ndio nauzungumzia.

Barazani natumia kamba ya mkonge, maana Tanga hii kukosa kamba ya mkonge ni aibu, na vibanio vya nguo. Maandazi yalikuwa 45, yamebaki 17, yameuzwa mangapi? Kibanio kimoja 17, kingine 45. Mtoto anaruka 3 kufika 20, anaruka 20 kufika 40, anaruka 5 kufika 45. Tatu, ishirini na tano: 28. Hakuna kukopa, hakuna kusahau umekopa wapi. Kwa mafumbo ya kitu kilichokuwa hivi kikawa vile, na yale ya "imepungua ngapi ifike", sijaona kinachoishinda kamba.

Inapotawala peke yake kabisa ni kwenye saa. Daladala imetoka Tanga saa 12:30 asubuhi, imefika Muheza saa 1:15. Imetumia muda gani? Saa yetu ya Kiswahili inageuka palepale watu wanapoanza safari, kati ya kumi na mbili na moja, na mtoto mwenye kalamu anafanya anachojua: kubwa kutoa ndogo. 12:30 kutoa 1:15 ni 11:15. Daladala imekwenda Muheza saa kumi na moja na robo! Kwa muda huo ungefika Dar es Salaam na kugeuza. Weka kwenye kamba: kutoka 12:30 hadi saa 1 kamili ni dakika 30, kutoka hapo hadi 1:15 ni 15. Dakika 45, imekwisha. Mistatili kwenye hesabu ya saa ni kujitesa.

Ila mrudishe Asha na Juma kwenye kamba uone. Utaweka 52 mwisho, halafu? Kamba ina mtu mmoja anayesafiri. Kisa cha watu wawili wanaolinganishwa kinamshinda, na mtoto anabaki ameshika kibanio.

Mistatili

Hii ndiyo watu wanayoiulizia. Katika miaka ya 1980 Wizara ya Elimu ya Singapore iliunda timu ya mitaala ya hisabati ya shule za msingi, ikiongozwa na Kho Tek Hong, kwa sababu watoto wao walikuwa wakikwama palepale wanapokwama wetu: namba wanaziweza, maneno hawayawezi. Timu ile ikaja na mchoro wa mistatili, kila kiasi kinasimamiwa na kipande kirefu au kifupi. Mwaka 1995, kwenye upimaji wa kimataifa wa hisabati, Singapore ikashika nafasi ya kwanza, na dunia ikaanza kuchungulia madaftari yao. Tusidanganyane kwamba ni mistatili peke yake iliyowafikisha pale. Walikuwa na walimu, vitabu na mengine mengi. Lakini mchoro wenyewe ni wa kalamu na karatasi, na huo hatuwezi kusema hatuna.

Watoto wangu wanaviita mabehewa. Asha na Juma wanakaa hivi:

Asha |______________|__8__|
Juma |______________|
(yote pamoja 52)

Tazama mchoro huo sekunde mbili. Behewa la 8 limejitokeza peke yake. Likate kwanza, 52 kutoa 8 ni 44, yamebaki mabehewa mawili sawa, kila moja 22. Asha 30, Juma 22. Kile alichokigundua yule mtoto mkimya kwa vizibo, kuweka 2 pembeni kwanza, kimekaa kwenye karatasi na kinafanya kazi hata machungwa yawe 5,200. Na aliyepata 34 na 18 anaweza kuambiwa "chora jibu lako": behewa la tofauti litamtokea 16, atajikamata mwenyewe.

Kuna faida ya pili ambayo naiona kubwa kuliko ya kwanza. Kabla mtoto hajachora mstari wowote lazima aamue: nani mrefu? Amemzidi au amezidiwa? Ile -wa aliyoiruka mwanzo, sasa hana pa kuikwepea. Nikipita kati ya madawati naangalia michoro tu, majibu sisomi, na kwa mtazamo mmoja najua nani hajaelewa kisa na nani amekosea kutoa tu. Kwa darasa la watoto 70 hilo ni nafuu isiyo na bei.

Kwenye mara na sehemu mistatili haina mpinzani. Changu mmoja mkubwa anauzwa mara tatu ya fungu la dagaa, vyote viwili ni shilingi 8,000. Dagaa behewa moja, changu mabehewa matatu, jumla manne, kila moja 2,000. Changu ni 6,000. Huko sekondari kisa hichohicho kitavaa x na 3x, na mtoto aliyechora mabehewa atamkuta x ni mtu anayemfahamu.

Au hili la sehemu ya kilichobaki, ambalo darasa la tano na la sita linaangusha hata wanaojiamini. Mvuvi amepandisha kilo 60 za samaki pale Deep Sea, soko letu la samaki. Ameuza theluthi mbili mnadani, na robo ya zilizobaki amepeleka nyumbani. Zimebaki kilo ngapi? Wengi wanatafuta theluthi mbili ya 60, ni 40, kisha robo ya 60, ni 15, wanatoa zote, inabaki 5. Wamesoma "robo", "ya zilizobaki" limepita kama upepo. Mchoro:

|____20____|____20____|_5_|_5_|_5_|_5_|
   mnadani    mnadani   nyumbani, kisha 15

Robo imechorwa ndani ya behewa la tatu kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuichora. Jibu ni 15.

Basi kwa nini nisiseme chukua mistatili utupe vingine? Kwanza, inachukua muda. Kwangu ilikuwa kama wiki tatu mpaka mtoto wa kawaida achore bila kuniangalia usoni, na wiki ya kwanza alama zilishuka, wazazi wakauliza kulikoni. Pili, watoto waangalifu wanataka rula. Wanakwama kuamua 22 iwe sentimita ngapi. Inabidi urudie mpaka uchoke kwamba urefu ni wa kukadiria, mradi aliyezidi awe mrefu na vilivyo sawa vifanane. Daftari la visanduku linasaidia kidogo hapo. Tatu, na huu ndio ugonjwa wake mbaya, mchoro unageuka desturi. Mtoto anapata jibu kwa kuotea, kisha anachora mistatili miwili mizuri ili mwalimu aweke vema. Dawa niliyoipata ni kutoa visa visivyo na swali la mwisho, au visivyo na namba kabisa: "Asha amemzidi Juma. Wote wawili wamezidiwa na Mariamu." Chora. Hakuna cha kukokotoa, kwa hiyo hakuna cha kuotea.

Wenye watoto shule za mchepuo wa Kiingereza nao huniuliza. Huko mtoto anakwama mara mbili, kwenye lugha na kwenye kisa, na nyumbani hujui alikwama wapi. Msimulie kisa hicho kwa Kiswahili, achore mabehewa. Akichora sawasawa, tatizo ni Kiingereza, nenda kamsaidie kusoma. Asipochora, usimlaumu Mwingereza.

Bao, trei na jedwali

Mafumbo ya kuzidisha yenye safu, mabehewa yanayaweza lakini yanajaza ukurasa. Hapo chora visanduku. Trei ya mayai ni safu 5 zenye mayai 6 kila moja, mtoto ameiona tangu anazaliwa. Trei 4 ni 120. Bao lile la barazani lina mistari 4 ya mashimo 8, jumla 32, na kete 64: muulize kila shimo lingepata kete ngapi zikigawanywa sawa. Wazee watakaa kimya kwa heshima wakimsubiri, kisha watakuambia uwaachie bao lao.

Visa vya "machungwa 5 kwa shilingi 1,000, je 20?" vipelekee jedwali la safu mbili, machungwa huku, shilingi kule. Sina zaidi la kusema juu ya jedwali. Linafanya kazi yake na halina makuu.

Unachaguaje

Ningekuwa na nafasi ya kufundisha mchoro mmoja tu, kwa darasa la tatu hadi la tano ningeshika mistatili, nikitanguliza siku mbili za vizibo kwa namba ndogo. Bila hizo siku mbili, mabehewa yanakuwa michoro tu ya mwalimu.

Lakini mzazi mwenye mtoto mmoja huna haja ya kuchagua kwa darasa. Chagua kwa kosa. Fungua daftari, soma mafumbo matatu aliyokosa. Ikiwa anajumlisha palipotakiwa kutoa kwenye "zaidi", "amemzidi", "mara", huyo anataka mabehewa. Ikiwa tendo amelichagua vizuri na kosa liko kwenye kukopa, au anapotea kwenye saa na miaka, mpe kamba. Ikiwa kazidisha akakosa hesabu yenyewe, trei na visanduku. Na ikiwa ameandika namba zote za kwenye fumbo akazijumlisha, pamoja na umri wa mtu usiohusika, huyo hajasoma kisa. Funga kalamu zote, mwambie akusimulie kwa mdomo nani alifanya nini. Mchoro wowote utamchelewesha.

Mwalimu mwenye darasa kubwa aangalie pia vitu: kamba moja inatosha darasa zima ikishikwa na watoto wawili mbele, mabehewa yanataka daftari na kalamu tu, vizibo vinataka mifuko, muda wa kugawa na muda wa kuokota chini ya madawati. Na usifundishe mbili kwa wiki moja. Nilijaribu, nikapata mistatili yenye mishale ya kuruka juu yake.

Yule mama wa getini nilimwambia asinunue kitu. Amwandikie mwanawe kisa kimoja cha kuzidiana, afute namba zote, amwambie achore tu, nani mrefu nani mfupi. Kesho yake mtoto alikuja na karatasi imekunjwa mara nne mfukoni. Kisa kilisema Asha amemzidi Juma. Kwenye karatasi Juma ndiye aliyekuwa mrefu, amechorwa kwa uangalifu, kwa rula, na jina lake juu. Nikamuuliza amejuaje kuwa Juma ana mengi. "Mwalimu, si ameandikwa mwisho, karibu na pale namba ilipofutwa?"